Kilomita Tisini Kabla ya Kwako

Nyumbani, 9 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limetulia. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Yupo jikoni anacheka peke yake, na kinachomchekesha utakisoma hapa chini. Binti yetu mkubwa amepata kazi kwenye duka la miwani. Mdogo wake bado anajifunza ufundi bomba na ameshatubomolea sinki mbili kwa nia njema kabisa. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya begi langu la shule.

Sasa tuje kwenye lile unalolingoja. Najua umekasirika, na kwa kuwa kwenye simu sisi wawili hugombana kabla ya salamu kuisha, nimeona heri niandike. Karatasi huwezi kuikatia.

Dada, nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita. Wanafunzi wameniita Dira tangu kizazi cha kwanza, na mimi mpumbavu nikalifurahia jina hilo, nikatembea nalo kama cheo. Basi Dira huyu alinunua tiketi ya ndege ya bei ya chini kuliko zote, akaona imeandikwa jina la jiji lako, akaifunga mkobani. Hakusoma yaliyoandikwa chini yake kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Huo uwanja wanauita wa jiji lako, lakini jiji lako liko umbali wa kilomita tisini na nne. Wameazima jina tu.

Ndege yenyewe ilichelewa kuondoka. Tulipotua ilikuwa saa nne na nusu usiku, na basi la mwisho la kuja kwako liliondoka saa nne. Nikamuuliza mfagiaji, "Samahani, katikati ya jiji ni upande gani?" Akaninyooshea ufagio dirishani, kwenye vitaa kumi na tano hivi vilivyokuwa vinamemeta gizani. "Katikati ya mji ni pale. Jiji unalolisema wewe, kalale kwanza."

Nikaenda kwa miguu, dakika ishirini, nikikokota begi lenye gurudumu moja bovu. Nikapita chini ya lango la mawe refu kuliko shule yangu. Kumbe mji ule ulikuwa makao ya wafalme miaka mia mbili kabla jiji lako halijawa hata kijiji. Ukuta wake bado umesimama wote. Kuna daraja la matao saba, mnara wa saa, na mitaa myembamba hivi kwamba nikinyoosha mikono nagusa nyumba za pande zote mbili. Na mabasi yote yanayotoka uwanjani yanaupita kama mtu anavyompita mdai wake barabarani, uso umegeuzwa upande mwingine.

Nilipata chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na lango. Hata hakuniuliza nimetoka wapi. "Umekosa basi," alisema, akanipa ufunguo na taulo. Nadhani ndiyo salamu yao.

Nia yangu ilikuwa kupanda basi la asubuhi, kama nilivyokuandikia kwenye ujumbe wa simu usiku ule. Lakini asubuhi tumbo likanigeuka vibaya sana. Nilipopata nafuu kidogo nikaingia makumbusho kupumzika. Mlinzi wa pale, mama mnene mwenye funguo kiunoni, hakuwa amepata mgeni siku tisa. Akanishika mkono kama mfungwa. Akawa anawasha taa chumba kimoja, tukimaliza anazima, anawasha kingine. Nimeonyeshwa viti vya wafalme, vyungu vya wafalme, na jino moja la mfalme. Baadaye tukapanda mnara, ngazi mia mbili na sita. Siku ikaenda. Kesho yake ndege yangu ya kurudi ilikuwa mchana, nikaona kuja kwako kwa saa mbili ni kukusumbua tu.

Ndivyo ilivyokuwa, dada. Nisamehe. Mambo yaliingiliana.

Mdogo wako,
Dira asiyejua kaskazini

*

Kwangu, 2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu mashine kubwa ya kufulia iliharibika hapa hospitalini, na msimamizi wa chumba cha kufulia ni nani? Ni mimi. Wiki mbili tumefua mashuka mia tatu kwa siku kwa mashine ndogo mbili na matusi. Juzi kwenye mfuko wa gauni la mgonjwa tumekuta meno ya bandia, safi kuliko yalivyopata kuwa. Tumemrudishia mwenyewe, ametushukuru kwa tabasamu lote.

Goti halijambo. Linauma nikipanda, linauma nikishuka. Kwenye tambarare tunaelewana. Mwambie wifi yangu nampenda na nampa pole kwa mume. Binti mpe hongera, na kijana mwambie akija kwangu bomba asiguse.

Pole na tumbo. Tumbo linaloumwa halafu linapanda ngazi mia mbili na sita, hilo ni tumbo shujaa. Ningependa kulionyesha kwa madaktari wetu.

Mimi sijakasirika. Kwa nini nikasirike? Nilinunua tu mapazia mapya, nikapaka rangi mlango wa choo, nikapika chakula cha watu sita kwa ajili ya mtu mmoja ambaye sijamwona miaka kumi na moja. Majirani walikula vizuri sana. Mmoja ameniuliza mdogo wangu atakosa kuja tena lini, ajiandae.

Basi la kwanza la kutoka pale linaondoka saa mbili asubuhi. La pili saa nne. La tatu saa nane. La mwisho, kama ulivyojifunza, saa nne usiku. Nakuandikia tu kwa faida ya somo lako. Siulizi kitu.

Na siku nyingine ukinunua kofia ya majani, pima kwanza kichwa. Ile ilikukalia kama kifuniko cha sufuria.

Wako,
Dada

*

Nyumbani, 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Begi nimerudishiwa, paka wamehamia kwenye kabati la wifi yako, kwa hiyo sasa vita si yangu.

Dada, kofia umeiona wapi?

Nimesoma tena nakala ya barua yangu. Ndiyo, natunza nakala, ni tabia ya walimu na ya watu waongo. Sikuandika neno kofia mahali popote. Ile kofia niliinunua asubuhi ya Jumamosi kwa mchuuzi wa chini ya ukuta, jua likiwa kali, na kabla ya saa sita upepo ulishaniondolea, ukaitupa mtoni. Ilikuwa yangu kwa saa tatu. Wifi yako hakuiona. Picha sikupiga. Mtu pekee aliyeitaja ni mlinzi wa makumbusho, naye alinisifia, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa na upweke.

Nimekaa na swali hili siku tatu, hata darasani nikawaambia watoto mto unatiririka kupanda mlima. Wamefurahi, wameandika.

Basi nami niseme. Tumbo langu lilikuwa zima. Niliamka saa kumi na moja, nikanyoa, nikavaa shati jipya. Basi la saa mbili niliamua kulikosa kwa kunywa chai polepole. Yule mama mwenye nyumba akapita na trei, akasema, "Wewe ni mgeni wangu wa kwanza kukosa basi la asubuhi pia." La saa nne nililifuata hadi kituoni, begi mkononi, kofia kichwani. Mlango ukafunguka. Kondakta akaniuliza, "Unapanda?"

Nikamjibu, "Hapana, naangalia tu."

Mtu mzima, mwenye mvi na cheti cha ualimu, amesimama na begi mbele ya basi lililofunguliwa mlango, anaangalia tu. Kondakta akanitazama kwa huruma, nadhani alifikiri sijui kusoma. Wakaondoka.

Kwa nini sikupanda, dada, hilo naomba usiniulize kwanza. Wewe nijibu la kofia.

Mdogo wako

*

Kwangu, 28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mashine imetengenezwa. Fundi alikuta ndani yake soksi kumi na moja, hakuna hata mbili zinazofanana. Goti nimechomwa sindano. Mapazia nimeyashusha, yalikuwa yananikumbusha mambo.

Nimeanza barua hii mara nne. Mara ya kwanza nilisema nilikuota umevaa kofia. Hata mimi mwenyewe sikuamini.

Haya. Ujumbe wako wa usiku ule niliusoma nikiwa bado nimevaa nguo za kukupokea. Nikasema moyoni, huyu hatakuja. Namjua. Akipewa usiku mmoja wa kufikiri, kesho yake atapata sababu. Kwa hiyo nikapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kuja kukuchukua mwenyewe, kwa sikio ikibidi, kama nilivyokuwa nakutoa mtoni ulipokuwa na miaka saba.

Nilifika saa moja na nusu. Nikaketi kwenye duka la mikate mkabala na lango, maana nyumba ya wageni najua ni ile moja tu. Nikakuona unatoka. Mdogo wangu, umezeeka vibaya. Unatembea kama baba, mikono nyuma, kama mtu anayekagua barabara aliyoijenga yeye. Nikacheka peke yangu, muuzaji akanisogezea maji. Nikakuona unanunua kofia. Nikakuona juu ya ukuta na yule mama wa funguo, unanyoosha kidole huku na huku unamfundisha mji wake mwenyewe, naye anaitikia. Ulikuwa umefurahi. Nikasema, ngoja kwanza, nimwache afurahi dakika tano. Dakika tano zikawa saa moja na mikate minne.

Halafu nikaona unashuka na begi. Nikajua sasa anakuja. Nikapata wazo la kijinga. Nikakimbia, na goti hili hili, nikakutangulia kwenye basi la saa nne, nikakaa kiti cha nne dirishani, nikafungua gazeti usoni. Nikasema atapanda, atanipita, nitashusha gazeti niseme, "Tiketi tafadhali." Nilikuwa nimeshaanza kucheka.

Ndipo nikasikia kondakta anauliza unapanda, na wewe ukasema unaangalia tu.

Ulikuwa karibu hivi kwamba ningegonga kioo kwa kidole. Sikugonga. Basi likaondoka, nami nikakaa na gazeti usoni hadi nusu ya njia, abiria wa pembeni akanigusa bega akaniambia, "Mama, umelishika juu chini."

Hayo ndiyo ya kofia. Sasa zamu yako. Mimi nimeuliza, hata kama umeniomba nisiulize. Ulikuwa unaogopa nini kwangu? Mapazia?

Dada

*

Nyumbani, 6 Julai

Dada,

Shikamoo. Nyumbani salama. Leo sina habari za paka.

Barua yako nimeisoma nimesimama nje ya posta, nikacheka pale kwenye gazeti hadi watu wakanipisha. Kisha sikuweza tena kucheka.

Niliogopa kwamba nikifika kwako, ukinipakulia chakula, utaniuliza habari za siku za mwisho za mama. Ungeniuliza tu kwa kawaida, kama mtu anavyouliza. Miaka tisa umekuwa unauliza pembenipembeni na mimi naleta habari za sinki.

Mama alianguka Jumatatu. Alifariki Jumatano alfajiri, tukamzika alasiri ile ile. Nilikupigia Alhamisi. Nikakuambia nilijaribu tangu mwanzo lakini simu haikushika.

Sikujaribu, dada. Hata mara moja.

Jumatatu jioni mama alifungua macho, akanitazama mimi niliyekuwa nimemshika mkono, akasema, "Mwite dada yako." Basi. Nilikuwa nimemuuguza miaka minne, nimemwosha, nimemlisha, nimejifunza hadi kumsuka nywele, nikimsuka anaonekana kama kapu. Na neno alilokuwa nalo lilikuwa lako wewe, uliyeondoka kwa kupiga mlango. Nikatoka nje. Simu nilikuwa nayo mfukoni. Nikasema moyoni nitampigia kesho, leo na mimi niwe mtoto wa mama peke yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, dada. Nina mke na watoto. Nilimwonea wivu dada yangu kama mtoto aliyenyimwa titi.

Jumanne ikapita hivyo hivyo. Usiku akaniuliza, "Amefika?"

Nikamwambia, "Yuko njiani."

Akasema, "Haya." Akalala. Hakuamka.

Nilimdanganya mama kitandani na nikakudhulumu wewe. Kisha nikaendelea kufundisha watoto kwamba dunia ni duara. Ndiyo maana sikupanda basi. Sasa umejua, na kama barua hii ndiyo ya mwisho kati yetu, nitaelewa.

Mdogo wako

*

Kwangu, 17 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeipata. Salamu utanisamehe.

Wiki ya kwanza nilikuwa nakutukana. Kwa sauti, kazini, mbele ya mashine zikiwa zinazunguka ili wenzangu wasisikie. Siku ya pili niliiweka barua yako kwenye mfuko wa koti la kazi, na koti likaingia mashineni pamoja na mashuka ya wodi nzima. Likatoka na donge jeupe la karatasi. Nikalitazama, nikasema vizuri, imekwisha. Lakini nilishaisoma mara moja, na mara moja ilitosha. Naijua kwa moyo hadi nukta.

Umenidhulumu. Nataka uisikie kwanza hiyo kabla ya mengine, kwa sababu mengine yanayofuata yasije yakakufanya udhani ni kitu kidogo. Siku naondoka nilimpigia mama kelele kwamba sitarudi mpaka aniite kwa kinywa chake. Nikangoja. Hadi mama anafariki nilikuwa nangoja neno hilo. Kumbe alilisema, na likabaki mfukoni mwako na simu yako.

Sasa na langu.

Mimi nilijua mama anaumwa. Yule mkunga jirani yenu alinipigia Jumatatu hiyo hiyo usiku. Hakusema mama ananiita, alisema tu, "Mama yako si mzima, njoo." Jumanne asubuhi nikanunua tiketi. Ya bei ya chini kuliko zote, maana ujinga tumegawana sawa. Jioni nikafika uwanja ule ule, begi mkononi. Wakaita abiria. Wakaita tena. Wakaita kwa jina langu, mara mbili, wakalikosea mara zote mbili. Nikakaa kwenye kiti nikatazama ndege inaondoka.

Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa nitaingia chumbani na mama atanitazama kama mtu anayetazama mgeni, aulize, "Huyu nani?" Nikasema sijaitwa. Nikajificha nyuma ya neno hilo kama nyuma ya gazeti.

Walipofunga ukumbi nikaenda mjini kwa miguu. Unadhani ratiba ya mabasi nimeijulia wapi? Nilichukua chumba kwenye nyumba ile ile ya lango. Sikulala, nilizunguka ukuta hadi alfajiri, na ndiyo sababu nakuambia una bahati, wewe umeuona mchana. Mimi najua tu ni mrefu.

Alhamisi uliponipigia ukasema simu haikushika, nilijua unadanganya. Nikanyamaza, kwa sababu uongo wako ulinifaa. Miaka tisa nimekuacha ubebe lawama peke yako, kumbe begi ni la watu wawili. Nimekula huruma ya watu wote hapa: dada masikini, hakuambiwa. Nimeila na sahani nimeilamba.

Jambo moja nimelifikiri sana hizi wiki tano. Ile Jumanne usiku, mama alipokuuliza kama nimefika, nilikuwa na tiketi mkononi, uwanjani, au nimeshatoka hapo. Hukumdanganya mama. Nilikuwa njiani. Sikufika tu.

Usije kwangu, na mimi sitakuja kwako, hatujaweza, tusijidanganye. Njoo palepale katikati. Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Chukua ndege ya mchana, si ile ya wajinga.

Dada

*

Chumba namba tatu, Jumamosi alfajiri, 31 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia ukiwa chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu, na kwa jinsi unavyokoroma nadhani ukuta wa mji nao umepata ufa. Wafalme wale hawakupigwa na kishindo kama hiki.

Habari za familia unazijua, nilikusimulia zote jana mara mbili kwa sababu ya kukosa la kusema.

Nilipotoka uwanjani jana nilikuwa nimeandaa maneno. Nimeyakariri kwenye ndege hadi jirani yangu akabadilisha kiti. Kisha nikakuona umesimama pale wanaposimama madereva, umeinua kipande cha boksi kilichoandikwa DIRA kwa herufi kubwa, umekunja uso kama mtu anayelipwa. Nikakukumbatia, mkoba wako ukaingia katikati, nikakanyaga mguu wako mbaya. Jambo la kwanza uliloniambia baada ya miaka kumi na moja ni, "Goti, mshenzi wewe!" Nikajua tumeonana.

Dakika kumi baadaye tulikuwa tumeshagombana mto unatokea upande gani. Mlinzi wa makumbusho akasema uko sahihi wewe. Nimelikubali mbele ya mashahidi, sitalirudia. Aliwasha taa za vyumba vyote kwa wakati mmoja, umeona? Akaniambia pembeni kwamba wageni wawili kwa siku moja ni jambo la kuandikwa gazetini. Na wewe ulipolitazama lile jino la mfalme ukasema, "Hili tungelirudisha kwa mwenyewe," nikacheka hadi nikakaa kwenye kiti ambacho haturuhusiwi kukaa.

Jioni tulizunguka ukuta wote, polepole, kwa sababu yako, ingawa aliyepumua kama mbwa ni mimi. Ukawa unaonyesha: hapa nilikaa usiku ule, hapa nililia, hapa mbwa alinifukuza nikaacha kulia. Ulinipa nafasi kama tano hivi za kusema. Nimezihesabu. Katika kila moja nikazungumzia mawe. Unajua sasa yale mawe yametoka machimbo gani, na hukutaka kujua.

Kwa hiyo naandika, maana kinywa changu kwa mambo haya ni basi ambalo mimi mwenyewe silipandi.

Kwanza, nisamehe. Hilo nimeliandika kwenye kila barua kama watu wanavyoandika tarehe. Safari hii nalisema.

Pili, kuna neno moja la mama ambalo sikukuandikia. Sikukuficha kwa ubaya, niliona tu ni dogo, na nililitaka libaki langu. Usiku ule niliposema uko njiani, hakusema "haya" peke yake. Alisema, "Haya. Basi usifunge mlango kwa komeo, asije akagonga akadhani tumelala."

Sikuufunga, dada. Nilikaa usiku mzima nimeutazama ule mlango uko wazi, upepo unaingia, najua hakuna mtu nimemwita. Na alipoondoka alfajiri, mlango ulikuwa bado wazi. Asingekutazama kwa jicho la huyu nani. Alikungoja wewe kama mtu anavyomngoja mtu wa nyumbani.

Hilo ni lako. Nimekaa nalo miaka tisa, nakukabidhi.

Nitaipitisha karatasi hii chini ya mlango wako kisha nirudi kujilaza nijifanye nimelala, kama nilivyozoea kufanya katika mambo yote makubwa.

Mdogo wako

*

(Kwa penseli, chini ya karatasi hiyo hiyo)

Sikoromi. Nilikuwa nalia, nawe hujui tofauti, na wewe ni mwalimu.

Acha kujilaza. Mwenye nyumba ameleta chai ya watu wawili na inapoa. Mlango wangu sijaufunga. Ingia.